Betri Iliyovaa Karatasi ya Zawadi

Nyumba ya Mama Tone ilikuwa na sauti yake. Upepo ukiingia dirishani, karatasi za zawadi zilizoning'inia ukutani zilisogeleana na kunong'ona. Utepe ulijikunjua mezani polepole, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi. Mchana, jua lilipopiga kwenye nailoni za rangi, ukuta mweupe uligeuka kuwa wa waridi, kisha kijani, kisha rangi ya chungwa. Tone, mtoto wa nyumba hiyo, alilala kwenye kigodoro chake na kuzitazama rangi zikipita juu ya vidole vyake. Alijaribu kuzishika. Zikamponyoka. Akacheka.

Aliitwa Tone kwa sababu alizaliwa mdogo sana. Bibi yake, mama mzaa baba, alipompokea mara ya kwanza alisema, "Huyu si mtoto, huyu ni tone." Jina likaganda. Sasa Tone alikuwa amenenepa mashavu, lakini kifua chake kilibaki dhaifu. Moshi kidogo tu, hata wa mshumaa uliozimwa, ulimfanya akohoe mpaka machozi yamtoke.

Kazi ya mama yake ilikuwa kufunga zawadi. Watu walimletea vikombe, manukato, viatu vya bwana harusi, hata mpira wa miguu. Yeye alivifunga vikapendeza. Alikuwa na mwiko mmoja: ukingo mweupe wa karatasi usionekane. Kila karatasi aliikunja ukingo kwa ndani, kama pindo la gauni.

"Karatasi ni nguo," alikuwa akisema. "Nguo bila pindo ni tambara."

Mumewe, Baba Tone, alikuwa fundi vioo. Alikata vioo vya madirisha na vya makabati ya maduka. Alikuwa na mikono mikubwa na hatua nyepesi, kwa sababu mtu anayebeba vioo hujifunza kutembea kama paka. Mifuko ya suruali yake ilijaa vitu: funguo, futi ya chuma, kisu cha kukatia kioo, misumari ambayo hakukumbuka ameitoa wapi.

Zamani Baba Tone alivuta sigara, moja ikiwasha nyingine. Siku Tone alipoletwa nyumbani kutoka hospitali, alisimama mlangoni na sigara mkononi. Mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo, kama cha paka mchanga. Baba Tone aliitazama ile sigara, kisha akaitupa na kuikanyaga. Hakuwasha nyingine.

Lakini kiu ya sigara haifi kwa siku moja. Ndiyo maana alinunua sigara ya umeme, ile ya mvuke, inayotumia betri ya kuchaji. Nesi wa kliniki alimweleza waziwazi.

"Mvuke nao si hewa safi," alisema nesi. "Usiuvute karibu na mtoto. Dawa yake, yale majimaji, iweke mbali kabisa na mikono yake, maana ni sumu. Na usihamie huko ukakaa. Punguza kidogo kidogo, mpaka uache vyote."

Baba Tone alikubali. Alivutia nje, nyuma kabisa, penye ukuta wa mwisho. Bibi hakuacha kumtania.

"Umeacha moshi mweusi, umekamata mweupe," alisema. "Siku hizi mwanangu unafanana na birika."

"Mama, birika halimalizi pakiti kwa siku," alijibu Baba Tone.

"Kweli. Birika lina faida, linatoa chai."

Mama Tone alicheka nao, lakini moyoni alimtazama mumewe kama mtu anavyomtazama mwingine aliyebeba glasi iliyojaa pomoni. Kila siku iliyopita bila sigara, glasi ilikuwa imesogea hatua moja bila kumwagika. Alichoogopa ni kitu kimoja tu: siku ambayo mumewe angerudi nyumbani na ile harufu ya zamani kwenye shati.

*

Baba Tone alikuwa na betri mbili. Zilikuwa za mviringo, nene kama kidole gumba cha mwanamume, ndefu kidogo kama kidole cha shahada. Moja ilivaa ganda la plastiki la bluu, nyingine la zambarau. Moja ikiwa kazini, ya pili ilikaa kwenye chaja au mfukoni.

Hapo mfukoni ndipo matatizo yalipoanzia.

Asubuhi moja aliitoa ile ya bluu akaishika kwenye mwanga.

"Mama Tone, hebu ona hapa."

Ganda la plastiki lilikuwa limechanika karibu na kichwa cha betri. Kipande kimebenuka, na chini yake chuma kiling'aa.

"Imefanywa nini?" aliuliza mkewe.

"Funguo. Imelala na funguo mfuko mmoja, zimeikwaruza." Alishusha pumzi. "Hata ile ya zambarau imeanza kuchanika ubavuni. Na duka lenye betri za kweli liko mji mwingine. Mpaka nipate nafasi ya kwenda..."

Hakumaliza. Macho yake yalivuka barabara, yakafika kwenye kibanda cha jirani. Pakiti za sigara zilijipanga pale, nyuma ya kioo safi. Kioo kile alikikata yeye mwenyewe, akakipachika kwa mikono yake.

Mama Tone aliona macho yale yalikotua. Alimpa mumewe chakula chake cha mchana, akamfuta vumbi begani.

"Nenda kazini," alisema. "Hii ya bluu niachie mezani."

Baba Tone aliondoka na ile ya zambarau ndani ya kifaa chake.

Mchana ule ulikuwa mzito na mtamu. Bibi alikaa na Tone kwenye kigodoro, wote wawili wakisinzia. Mama Tone aliitazama betri ya bluu. Ilionekana ndogo na uchi, kama kifaranga aliyeanguka kiotani. Akafikiri: *Hii shida yake ni nguo. Na mimi kazi yangu ni nini, kama si kuvisha vitu?*

Akachagua karatasi yake nzuri kuliko zote, ile ya dhahabu, ambayo upande mmoja unang'aa kama bati jembamba. Alikata kipande kwa vipimo vya jicho. Upande wa kung'aa akauweka nje. Ukingo wa juu akaukunja kwa ndani, pindo safi. Kisha akaizungusha betri, akaibana kwa selotepu, na kichwani akaikandamiza karatasi kukizunguka kile kitufe cha chuma, kama anavyofunga shingo ya chupa ya manukato.

Ilipendeza! Aliiweka kwenye sinia la plastiki kando ya tepe, ili mumewe akirudi aikute. Akafikiria atakavyocheka. Kisha akaegemeza kichwa kwenye mkono, mara moja tu, afumbe macho kidogo.

Akaota. Katika ndoto zawadi zote zilikuwa hai. Zilipumua mezani polepole, karatasi zikipanda na kushuka. Alipita katikati yao akiwa hana viatu. Masanduku mekundu yalikoroma. Masanduku ya kijani yalitabasamu usingizini. Zawadi moja tu, ndogo, ya dhahabu, haikutulia. Ilijigeuza huku na huko. Halafu ikakohoa.

Ikakohoa tena.

Mama Tone akafumbua macho. Aliyekuwa akikohoa ni Tone.

Kulikuwa na harufu ya gundi iliyoungua. Kutoka kwenye sinia, uzi mwembamba wa moshi ulipanda kuelekea dari, taratibu, kama utepe unaovutwa na mkono usioonekana. Kichwa cha betri ya dhahabu kilikuwa kimegeuka cheusi. Karibu yake palilala tepe, nailoni, na rundo la karatasi kavu. Karibu na rundo, kigodoro cha mtoto.

"Bibi! Mchukue mtoto! Toka naye nje!"

Bibi, ambaye kwa kawaida alihitaji muda na maombi mengi kuinuka, aliinuka kama msichana. Akamkumbatia Tone akatoka. Mama Tone alinyoosha mkono kuikamata betri.

"Usiishike!" sauti kutoka mlangoni ilimzuia.

Alikuwa jirani wa mlango wa pili, Fundi Tochi. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, kazi yake kutengeneza taa na tochi za kuchaji. Alipewa jina hilo kwa sababu alivaa taa ndogo kwenye paji la uso, asubuhi hata jioni, na mara nyingi alisahau kuizima. Hata sasa ilikuwa inawaka.

Fundi Tochi aliitazama meza mara moja tu. Akachukua chungu cha udongo kilichokuwa kitupu, kilichongoja maua. Kwa rula ndefu ya mbao akaisukuma betri ikaanguka chunguni. Akakishika chungu chini, mbali na uso wake, akakipeleka hadi katikati ya ua, penye udongo mtupu. Hapo akachukua kijiti kirefu cha mbao, akaibandua ile karatasi ya dhahabu.

"Rudini nyuma wote," alisema. "Betri ikipoa nje, ndani bado inaweza kuwa na hasira. Ingekuwa imetoa moto ndani ya nyumba, tungekimbia sote na kuita wazima moto. Tusingerudi hata kwa kiatu."

Walisimama mbali. Tone alikohoa mara ya mwisho begani kwa bibi yake, akatulia. Moshi ukakatika.

Mama Tone alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

*

Baba Tone aliporudi alimkuta mkewe hajafunga zawadi hata moja. Alikuwa amempakata Tone, anamhesabu pumzi. Fundi Tochi alikuwa amekaa naye kwenye kibaraza.

"Shemeji, karibu," alisema Fundi Tochi. "Mkeo alikuandalia zawadi. Bahati nzuri nimeifungua mimi."

Walimweleza yote. Baba Tone akamgusa Tone kwenye nywele.

"Kosa ni langu," alisema. "Ningeitupa pale pale."

"Ungeitupa wapi, kwenye taka zikaungue huko?" Fundi Tochi alitikisa kichwa. "Tuache kugawana makosa kama nyama. Njooni niwaonyeshe. Shemeji, nipe hiyo ya zambarau."

Baba Tone aliitoa kwenye kifaa chake. Fundi Tochi akaishika chini ya mwanga wa paji lake la uso.

"Watu wengi wanadhani juu ni chanya, chini ni hasi, basi yameisha," alisema. "Sivyo. Chanya ni hiki kitufe cha katikati tu. Chuma chote kilichobaki ni hasi. Kitako, ubavu, mpaka huu ukingo wa juu. Mnaona ulivyo karibu na kitufe? Katikati yao kuna hii pete nyeupe tu. Na ganda la plastiki."

"Kwa hiyo wanalala kitanda kimoja," alisema Bibi.

"Kitanda kimoja, mama. Na hawatakiwi kugusana. Wanatenganishwa na shuka."

"Kama mimi na marehemu, mwaka ule aliouza cherehani yangu."

Hata Mama Tone alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Sasa karatasi yangu ilikosea nini?" aliuliza. "Karatasi si plastiki, sawa. Lakini karatasi haipitishi umeme."

"Karatasi nyeupe haipitishi. Ila hii ya dhahabu ina utando wa madini. Mdogo wangu, ungeifunga kienyeji, labda ule upande mweupe tu ndio ungegusa betri. Lakini wewe ni fundi. Ulikunja pindo. Ulipokunja, dhahabu ikaingia ndani. Ikagusa ubavu pale palipochanika, ikagusa na kitufe. Ukajenga daraja kati ya chanya na hasi. Umeme wote ukataka kuvuka kwa pamoja."

Mama Tone alishika mdomo. "Nilitaka ipendeze."

"Imependeza. Tangu nianze kazi hii sijaona betri iliyopambwa vile ikitaka kuchoma nyumba."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema Bibi. "Hata ya betri."

Baba Tone aliuliza swali lililokuwa likimkera. "Ile ya bluu, ikipoa, si tunaweza kuivisha vizuri sasa?"

"Hapana. Hiyo imeshachemka. Hatujui ndani imeharibika kiasi gani. Itakaa nje peke yake, nikiitazama. Ikitulia kabisa nitaziba ncha zake kwa utepe wa mafundi umeme, niipeleke wanapokusanya betri kuukuu. Haiendi jalalani. Haiendi motoni."

"Na hii?"

Fundi Tochi aliizungusha ile ya zambarau taratibu. Alipitisha kidole ubavuni. Akainusa.

"Hii haijabonyea. Haijavimba. Haina kutu, haina unyevu, haina harufu. Haijawahi kupata joto la ajabu. Ugonjwa wake ni ngozi tu. Ingekuwa na lolote kati ya hayo mengine, nisingeivisha. Nguo mpya haiponyi mgonjwa wa ndani, inamficha tu."

"Tuizungushie selotepu basi, tumalize," alisema Baba Tone.

"Selotepu ikipata joto gundi yake inateleza. Halafu inaongeza unene, betri inakwama ndani ya kifaa. Utaichokonoa kwa kisu, nakujua."

Baba Tone akatazama pembeni. Kisu cha kukatia kioo kilikuwa tayari mkononi mwake.

"Kirudishe, shemeji."

*

Walifanyia kazi kwenye meza ya mbao kibarazani kwa Fundi Tochi, mbali na karatasi zote. Jua lilikuwa limelegea, limekuwa la rangi ya asali.

"Kwanza, vyuma vyote viondoke," alisema Fundi Tochi. "Mdogo wangu, vua pete. Shemeji, mifuko."

Baba Tone akaanza kumwaga mifuko yake kwenye ngazi. Funguo. Futi. Kisu. Misumari. Funguo nyingine.

"Hii ya mlango gani?" aliuliza mkewe.

"Ya nyumba tuliyohama."

"Na wewe betri uliilaza humo!"

Fundi Tochi alinakili maandishi yaliyokuwa kwenye ganda la zambarau: aina ya betri na uwezo wake. "Haya ndiyo cheti chake cha kuzaliwa," alisema. "Ganda likitoka, kila betri inafanana na mwenzake. Usipoandika, kesho utaipa kazi isiyoiweza."

Kisha akamsogezea Mama Tone ile betri.

"Mimi?" Mama Tone alirudisha mikono nyuma. "Baada ya leo?"

"Wewe. Mikono yako ndiyo inayojua kuvisha."

Kwa hiyo alianza. Aliushika ukingo uliochanika ubavuni, akalimenya ganda kwa ukucha, si kwa wembe wala kisu. Lilitoka kama ganda la chungwa, kipande kirefu kimoja. Betri ikabaki chuma kitupu. Sasa wote walijua: hivi ilivyo, popote ikiguswa ni hasi, isipokuwa kile kitufe.

Pete nyeupe ya kichwani ilikuwa imechakaa. Fundi Tochi alimpa mpya. Mama Tone aliilaza kukizunguka kitufe, ikakaa sawasawa. Halafu akapewa kipande cha mrija wa plastiki, bapa, chepesi kama ganda la kitunguu. Kilikuwa rangi ya anga asubuhi.

"Huu umetengenezwa kwa saizi ya betri hii," alisema Fundi Tochi. "Ukipata joto unanywea na kubana."

"Kama nailoni ninayofungia vikapu vya zawadi!"

"Ni ndugu yake. Lakini ile ya vikapu usiilete huku, si kipimo chake. Ila una ile mashine ya kukaushia nywele, unayopashia nailoni joto?"

Mama Tone alikimbia akaileta. Aliivisha betri ule mrija. Ukazidi kidogo juu, ukazidi kidogo chini. Kwa mazoea vidole vyake vilianza kuukunja ule uliozidi kwa ndani. Akajishtukia. Akauacha.

"Joto la wastani," alisema Fundi Tochi. "Usikae mahali pamoja. Si kiberiti, si mshumaa, si jiko. Betri yenyewe ikianza kuwa ya moto, tunasimama."

Alianza na kichwa. Hewa ya joto ikapita, na plastiki ikatetemeka, kama uso wa maji. Ikajikusanya. Ikauinamia ukingo wa betri, ikaukumbatia, ikaibana pete nyeupe, ikaacha kitufe peke yake katikati. Mama Tone aliigeuza kwa kijiti. Ubavuni mikunjo ikayeyuka mmoja mmoja. Chini nako plastiki ikajikunja.

"Dada, tazama," alinong'ona. "Imejipiga pindo yenyewe."

"Ndiyo. Hapa pindo si kazi yako. Ni kazi ya joto."

Waliiacha ipoe. Ilipopoa waliitazama wote, kila mmoja kwa zamu, hata Bibi aliyedai haoni vizuri ila aliona. Ukingo wa juu umefunikwa. Hakuna tundu, hakuna mkunjo, hakuna mpasuko. Mama Tone aliandika juu yake, kwa kalamu isiyofutika, yale maneno ya cheti chake cha kuzaliwa. Baba Tone aliijaribu kwenye kifaa. Iliingia na kutoka bila kubanwa.

"Mara ya kwanza kuichaji, ichaji kwenye sakafu ya saruji, mtu akiwa macho," alisema Fundi Tochi. "Si kitandani, si kwenye karatasi. Na hii hapa ni nyumba yake ya safari."

Akampa Baba Tone kikasha kidogo cha plastiki.

"Mfukoni iingie ikiwa ndani ya hicho tu. Ganda likichanika tena, acha kuitumia siku hiyo hiyo, uje. Usisubiri."

Baba Tone alikipokea kikasha kwa mikono miwili. Kisha akaanza kurudisha vitu vyake mfukoni. Ufunguo wa nyumba waliyohama aliuacha pale ngazini.

*

Sasa betri ilikuwa moja tu. Ikiisha, ilibidi Baba Tone angoje ichaji.

Mara ya kwanza alipongoja, alisimama getini na mikono isiyo na kazi. Macho yakavuka barabara tena, hadi kwenye kioo cha kibanda. Mama Tone alimwona kutoka dirishani. Hakupiga kelele. Alikuja tu, akamwekea Tone mikononi.

"Nishikie, nina kikapu cha kufunga."

Hakukuwa na kikapu. Lakini mtu aliyebeba mtoto wa kifua dhaifu hawezi kuvuka barabara kununua sigara. Baba Tone alizunguka ua na binti yake. Akamwonyesha mchwa. Akamwonyesha wingu. Tone akamshika pua.

Baada ya hapo kila betri ilipowekwa kwenye chaja, Tone aliwekwa kwa baba yake. Alijifunza kusimama kwa kushika suruali yake, ile ile yenye mifuko, ambayo sasa ilikuwa nyepesi. Siku nyingine taa ya chaja ilibadilika rangi, betri imejaa, na wao wawili walikuwa bado wanatazama mchwa. Betri ikaanza kungoja. Ikangoja jioni nzima. Ikangoja mpaka kesho yake. Katika kliniki nesi alimwuliza Baba Tone anavuta kiasi gani, naye akafikiri sana kabla ya kujibu, kwa sababu hakukumbuka vizuri.

Jioni moja Mama Tone alirudi kutoka kupeleka zawadi, akakuta kitu mezani kwake.

Kilikuwa kisanduku kilichofungwa na mtu asiyejua kufunga. Karatasi ilikuwa ile ya dhahabu. Imekwenda upogo. Selotepu ilikuwa nyingi kama ya kuzuia mwizi. Utepe ulifungwa fundo la kufungia vioo garini. Na kila upande ukingo mweupe ulionekana, mrefu, bila aibu.

"Nani amefanya unyama huu?" aliuliza.

"Fungua kwanza, utukane baadaye," alisema Baba Tone kutoka mlangoni. Tone alikuwa amekaa mabegani mwake.

Alifungua. Ndani kulikuwa na ile sigara ya umeme. Ilikuwa nyepesi. Imekauka, imefutwa, haina kitu.

Mama Tone aliishika muda mrefu.

"Betri iko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Iko njiani."

Fundi Tochi aliingia na taa yake ya paji la uso, na taa nyingine mkononi, ndogo, ya mezani. "Nimeipima," alisema. "Nzima kabisa. Nguo uliyoivisha haijapata hata mkwaruzo. Nimeipa kazi mpya inayoiweza, humu ndani ya taa. Ukitaka kuichaji, masharti ni yale yale."

Aliiweka taa juu ya meza na kuiwasha.

Mwanga ulipita kwenye nailoni zilizoning'inia. Ukuta ukawa wa waridi, kisha kijani, kisha rangi ya chungwa, kama mchana, ingawa nje jua lilikuwa limekwisha kwenda. Karatasi zikanong'ona. Tone alinyoosha mikono kutoka mabegani kwa baba yake ili azishike rangi. Alicheka kwa nguvu, kwa pumzi ndefu, hakukohoa.

"Sasa birika letu limezimwa," alisema Bibi. "Chai nitapata wapi?"

Mama Tone aliichukua ile karatasi ya dhahabu, akainyoosha mezani chini ya mwanga. Vidole vyake, kwa mazoea, vikaanza kuukunja ukingo.

Kisha akasita. Akaukunjua tena taratibu, akauacha ukingo mweupe uonekane, na kuitundika karatasi ukutani.